Nyumba ya Magurudumu Katika Nchi ya Mvua na Theluji

Jamaa za askari huijua vema kazi ya kufungasha. Barua ya uhamisho ifikapo, mama wa nyumba huanza kuhesabu sufuria, magodoro, ndoo na nguo za watoto, akipima kipi kitaingia katika lori na kipi kitaachiwa jirani. Wapo watu wengine duniani wafanyao hesabu hiyo hiyo kwa hiari yao, tena kwa ajili ya mapumziko. Watu hao hukodi gari lenye vitanda, jiko, sinki, makabati, tangi la maji na choo, wakaishi humo wiki moja au mbili huku wakisafiri kutoka mahali hadi mahali. Gari la namna hiyo laweza kuitwa gari-nyumba, maana ni gari kweli na ni nyumba kweli, na taabu za vyote viwili zimo ndani yake.

Nchi mojawapo ipendwayo sana na wasafiri wa magari-nyumba ni New Zealand, iliyo mbali kusini katika bahari ya Pasifiki. Na katika njia zote za nchi hiyo, ile iendayo Milford Sound kupitia pori la Fiordland ndiyo yenye sifa kubwa kupita nyingine, na ndiyo isiyosamehe uzembe.

Fiordland ni pembe ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Kusini. Serikali ya nchi hiyo iliifanya hifadhi ya taifa mwaka 1952, na eneo lake lapita kilomita za mraba 12,000. Ndani ya eneo hilo lote barabara za magari zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Zamani za kale mito mikubwa ya barafu iliteremka kutoka milimani ikikwangua mwamba kama randa ya seremala, ikaacha mabonde yenye kuta zilizosimama wima. Barafu ilipoyeyuka, bahari iliingia katika mabonde hayo. Hori ya namna hiyo, nyembamba, ndefu, yenye kina kikubwa na milima kila upande, ndiyo iitwayo fiodi. Milford Sound ni mojawapo, yenye urefu wa kilomita 15 hivi, na mlima wa Mitre Peak unainuka kandoni mwake kutoka majini hadi karibu mita 1,700. Nahodha James Cook aliipita pwani hiyo mwaka 1770 bila kuingia humo. Mlango wa hori umejificha hata baharia hodari kama yeye asiutambue.

Wamaori, wenyeji wa nchi, waliijua tangu zamani na kuiita Piopiotahi. Walifika huko kwa miguu na kwa mitumbwi wakitafuta jiwe la kijani lenye thamani, ambalo kwao hufanywa mashoka, mapambo na zawadi za heshima.

Jambo la kwanza ambalo msafiri hana budi kulielewa ni mvua. Milford Sound hupata zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Kampala, ambao haulalamikii upungufu wa mvua, hupata chini ya robo ya kiasi hicho. Mawingu kutoka bahari ya magharibi huigonga milima na kumwaga mzigo wake wote hapo hapo. Siku ya mvua kuta za mwamba hutiririka maporomoko ya maji mamia kwa mamia, na saa chache baada ya mvua kukatika mengi yao huwa yametoweka. Kwa mtazamaji ni fahari ya macho. Kwa mwenye nyumba ya magurudumu, nguo hazikauki, godoro lapata unyevu, viatu vyanuka, na watoto wamefungiwa katika chumba ambacho upana wake ni hatua tatu.

Ndiyo maana safari yenyewe huanza katika mji mdogo wa Te Anau, kando ya ziwa la jina hilo hilo, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Kisiwa cha Kusini. Kutoka hapo hadi Milford ni kilomita 120 hivi, na njiani hakuna mji. Tangi la petroli hujazwa Te Anau. Unga, mkate, maziwa, mayai na dawa hununuliwa Te Anau. Tangi la maji safi hujazwa huko, na lile la maji machafu humwagwa huko, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Simu nayo haishiki katika sehemu kubwa ya njia, hivyo aliyesahau kuuliza hali ya hewa na ya barabara kabla ya kuondoka huwa amekwisha chelewa. Familia inayofika hapo jioni, ikalala, ikaamka mapema na kutumia saa nzima ya asubuhi kwa maandalizi, haipotezi saa hiyo.

Yafaa kueleza jinsi nyumba hiyo inavyotunzwa, maana hapo ndipo hekima ya mama wa nyumba inapoonekana. Kila kitu kina mahali pake, na kisiporudishwa mahali pake kitajirudisha chenyewe kwenye kona ya kwanza ya barabara. Sahani, vikombe na sufuria hufungwa katika makabati yenye komeo. Dirisha la paa hufungwa, hodhi la sinki huachwa wazi bila kitu, mtungi wa gesi hufungwa kabla ya kuwasha injini. Wapo waume wengi ambao wamejifunza kufunga kabati la mayai baada ya kona moja tu. Maji hupimwa kwa kikombe: kuosha vyombo mara moja kwa siku, kuoga kwa kitambaa, kutoacha bomba likitiririka hata kidogo. Vyakula vya kupikwa muda mrefu, kama maharagwe, havifai, kwa kuwa hula gesi na kujaza chumba mvuke, na mvuke huo usiku hugeuka matone yanayowadondokea walalao. Viazi vilivyochemshwa tangu mjini, nyama iliyokaangwa tayari, uji na chai ndivyo vinavyookoa.

Choo ni sura ya peke yake. Kwa miaka mingi watu walilala katika magari kando ya njia na maziwa ya New Zealand, wakaacha uchafu nyuma yao, hata wenyeji wakachoka. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2023, gari linalotaka kuhesabiwa kuwa linajitegemea sharti liwe na choo kilichofungwa imara ndani yake. Kile cha kubebeka hakikubaliki tena. Kazi ya kukimwaga huangukia mtu mmoja katika kila familia, na aghalabu haipigiwi kura.

Lipo jambo moja zito kuliko hayo yote. Usiku wa Fiordland ni baridi, na mtu mwenye baridi hushawishika kuwasha jiko la gesi ili lipashe chumba joto huku madirisha yamezibwa. Moto katika chumba kisichopitisha hewa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humchukua mtu akiwa usingizini. Ni sumu ile ile iwauayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani huko Kabale au katika kambi yoyote ya nyanda za baridi. Jiko la kupikia ni la kupikia. Tundu la hewa lililo sakafuni au ukutani mwa gari-nyumba halikuwekwa kwa makosa ya fundi, na haliruhusiwi kuzibwa kwa tambara. Baridi huondolewa kwa blanketi, soksi za sufu na mfuko wa mpira wenye maji ya moto.

Barabara yenyewe hushika upande wa kushoto, kama ilivyo Uganda, Kenya na Tanzania. Mwanzoni huambaa na ziwa, halafu huingia katika bonde la Eglinton, ambalo ni tambarare ya majani ya rangi ya dhahabu kati ya milima yenye misitu. Magari-nyumba ni mazito na ya polepole; dereva mwenye adabu husimama penye nafasi na kuwapisha walio nyuma yake. Penye daraja la gari moja tu, kibao chenye mishale huonyesha nani apite na nani angoje, na ubishi hapo hauna nafasi.

Kando ya bonde hilo msafiri huona visanduku vya mbao vilivyowekwa chini ya miti. Hiyo ni mitego. New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye ila popo, na ndege wake wengi walisahau kuruka au kujihadhari. Katika miaka ya 1880 walowezi walileta wanyama wadogo wakali wa jamii ya kicheche ili wawale sungura waliokuwa wakiharibu malisho. Wanyama hao waligundua upesi kwamba mayai na makinda hupatikana kwa urahisi zaidi. Takahe, ndege mnene wa buluu asiyeruka, alidhaniwa kuwa ametoweka kabisa kwa nusu karne, hata daktari Geoffrey Orbell alipomkuta mwaka 1948 katika milima iliyo ng'ambo ya ziwa Te Anau. Mitego ya Eglinton ni malipo ya deni la miaka ya 1880, na bado halijaisha.

Kulala popote upendapo kando ya njia hii hakuruhusiwi. Zimetengwa kambi chache, kama ile ya Cascade Creek, zenye vyoo vya shimo na maji, pasipo umeme wala duka. Ada hulipwa, gari huegeshwa, na hapo wageni wawili hujitokeza kuwalaki wasafiri.

Wa kwanza ni usubi. Mdudu huyu mdogo mweusi huzaliana katika maji yaendayo kasi, na jike hutafuta damu kwa ajili ya mayai yake. Ni ndugu wa karibu wa usubi wa mito ya Uganda, Kongo na Tanzania, yule aletaye upofu kwa kueneza minyoo katika ngozi ya mwanadamu. Usubi wa Fiordland haubebi ugonjwa huo, lakini kuuma kwake hakuna tofauti, na mwasho wake hudumu siku kadhaa. Wamaori husimulia kwamba Tu-te-raki-whanoa alizichonga fiodi hizo kwa shoka zikawa nzuri mno, na Hine-nui-te-po, mungu wa kike wa mauti, akawaachilia usubi ili wanadamu wasiweke makao ya kudumu mahali pazuri hivyo. Wasafiri wengi hukiri kwamba hila hiyo yafanya kazi. Dawa ni mikono mirefu, suruali zilizochomekwa katika soksi, na mlango unaofungwa upesi.

Mgeni wa pili ni kea, kasuku wa milimani, mwenye manyoya ya kijani na mdomo uliopinda kama ndoana. Hapana ndege mwenye akili na utundu kumshinda. Akiona gari limesimama hutua juu ya paa, akaanza kung'oa mipira ya madirisha, vifuta mvua na waya wa redio. Watoto hufurahi na kutaka kumrushia mkate, na wazazi wanaoruhusu humdhuru pasipo kujua: kea aliyezoea kulishwa huacha kutafuta chakula chake, hukaa barabarani na kugongwa na magari. Nao wamebaki maelfu machache tu.

Baada ya ziwa Gunn njia huvuka mahali paitwapo The Divide, hugeukia bonde la Hollyford na kupanda hadi ukutani. Ni ukuta kweli, wa mwamba mtupu, na barabara yaelekea kwenye tundu dogo jeusi chini yake. Hilo ndilo handaki la Homer, ambalo mlango wake wa mashariki uko mita 945 juu ya bahari.

Mwaka 1889 mtu aitwaye William Homer aligundua kipito kilicho juu ya ukuta huo, akapendekeza mwamba utobolewe. Hakuna aliyemsikiliza hadi mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wakati serikali ilipotafuta kazi za kuwapa wasio na ajira. Mwaka 1935 watu watano walianza kuchimba kwa sururu, sepetu na mikokoteni ya mkono. Wafanyakazi waliishi katika mahema, mahali ambapo milima hulizuia jua lisiwafikie kwa karibu nusu ya mwaka. Maji ya theluji iliyoyeyuka yaliwamwagikia ndani ya handaki kupitia nyufa za mwamba. Na juu ya vichwa vyao, kwenye miteremko wasiyoweza kuiona, theluji ilirundikana ikingoja. Katika mwaka 1936 na 1937 maporomoko ya theluji yaliwaua watu watatu.

Chini zaidi katika bonde la Hollyford ilijengwa kambi kwa ajili ya wafanyakazi wenye wake. Wanawake walipika na kulea watoto katika vijumba vidogo vya mbao, mvua ikinyesha juma baada ya juma. Wake wa askari waliowahi kuishi katika kambi za mpakani hawahitaji kuelezwa zaidi. Historia ya handaki hutaja majina ya wahandisi na ya waliokufa. Aliyezikausha nguo za mchimbaji juu ya jiko kila usiku hatajwi sana.

Mwamba ulitoboka mwaka 1940. Kisha vita kuu ya dunia ikawachukua watu na vifaa, na mwaka 1945 maporomoko mengine yakaubomoa mlango wa mashariki. Magari ya wananchi yalianza kupita mwanzoni mwa miaka ya 1950, takriban miaka ishirini tangu pigo la kwanza la sururu. Handaki hilo lina urefu wa kilomita 1.2, kuta zake ni mwamba uliochongwa tu, na hushuka kwa mteremko mkali kuelekea Milford. Wakati wa kiangazi, magari yanapokuwa mengi, taa huongoza upande mmoja upite na mwingine ungoje. Wakati wa baridi taa hizo huzimwa, na dereva huambiwa aendelee bila kusimama, kwa kuwa msururu wa magari chini ya mteremko wenye theluji ni watu waliopangwa tayari kwa maafa.

Mwaka 1983 msimamizi wa barabara hiyo aliuawa na maporomoko akiwa kazini. Tangu hapo uliwekwa mpango maalumu. Wataalamu hupima theluji milimani, hufuatilia upepo na joto, na wanapoona hatari hufunga barabara kwa mageti, wakapaa kwa helikopta na kuangusha baruti ili theluji iporomoke wakati chini hakuna mtu. Kuanzia Mei hadi Novemba kila gari hutakiwa kuchukua minyororo ya kufunga magurudumuni. Wapo wasafiri wanaonuna getini. Wamelipa gari kwa siku, wamelipa mashua ya Milford, na mbingu mbele yao ni ya buluu isiyo na wingu. Lakini theluji iliyoanguka usiku mzima huwa nzito zaidi pindi jua linapoipiga, na mlinzi wa geti alijua hilo kabla wao hawajaamka. Familia yenye maarifa hurudi kambini, huchemsha chai na kuwatolea watoto karata.

Geti likiwa wazi, gari-nyumba hutokea upande wa pili wa handaki juu ya bonde la Cleddau, na mara barabara huanza kuteremka kwa kona baada ya kona. Hapo breki za gari zito hupata joto. Gia ndogo ndiyo ya kutumia. Mwisho wa mteremko ni maji meusi ya Milford, yaliyotiwa rangi na majani ya msituni. Mvua humwaga tabaka la maji matamu juu ya yale ya chumvi, tabaka hilo huzuia mwanga, na matumbawe meusi ambayo kwingineko hukaa vilindini huishi hapo karibu na uso wa maji. Mashua huwachukua wageni hadi chini ya poromoko la Stirling, lenye kimo cha zaidi ya mita 150, na anayesimama mbele hurudi amelowa mpaka mifupani. Hata akina mama waliolalamika njia nzima juu ya unyevu husimama mbele.

Barabara haiendelei zaidi. Njia ya kuingia ndiyo ya kutokea, na mwanzoni mwa Februari 2020 ilikatika. Zaidi ya milimita 1,000 za mvua zilinyesha ndani ya siku tatu hivi, mito ikabeba sehemu za barabara, na mamia ya watu wakakwama. Helikopta ziliwatoa wasafiri Milford kwa zamu, kila mmoja na kile alichoweza kubeba mkononi. Magari yao yalibaki nyuma yamepangwa kwenye maegesho, vitanda vimetandikwa na makabati yamefungwa, yakingoja mafundi waifanye njia ipitike.